Mama, Hapa Wametusimamisha

Simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni wakati Samorn anachomeka shuka chini ya godoro. Hakuipokea. Wageni wa chumba hicho cha hoteli, mume na mke, walikuwa wamesimama mlangoni na kaptula zao wakicheka. Kipimo chao cha korona kilikuwa kimerudi safi. Walitua jana wakitokea nchi iliyokuwa bado inazika, wakalala usiku mmoja kungoja majibu, na sasa walikuwa huru kwenda ufukweni, sokoni, popote wanapotaka Phuket. Ndiyo ilikuwa karantini yao: kisiwa kizima.

Alimaliza kitanda, akainamisha kichwa kwa adabu, akaenda kujifungia kwenye stoo ya mashuka. Ndipo akapiga.

Mwanawe Anuwat alikuwa upande wa pili wa daraja, kule bara Phang Nga, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Polisi wa kizuizi cha darajani walikuwa wamemrudisha. Alimwonyesha afande picha ya jeneza la bibi yake, afande akaitazama, akasema pole, akamwambia ageuze pikipiki.

"Ulimwambia ndiye aliyekulea?"

"Nimemwambia kila kitu, mama. Anataka chanjo mbili, mimi nina moja. Halafu anasema hata ningekuwa nazo mbili, kwa watu wa bara pamefungwa."

Bibi Chaem, mama yake Samorn, alikuwa amelala hekaluni tangu juzi. Figo ndizo zilizomuua, si huo ugonjwa wa dunia, kwa hiyo alikuwa na haki ya mazishi yake yote. Kesho alasiri ilikuwa zamu ya moto, mwili uchomwe. Hakuacha shamba wala dhahabu. Aliacha ombi moja: Anuwat anyolewe, avae joho la manjano la utawa kwa siku hiyo, atangulie mbele ya jeneza mpaka kwenye tanuri. Mjukuu akivaa joho, marehemu hushika pindo lake na kupanda nalo. Bibi Chaem alilisema hilo tangu mtoto yuko kwenye mbeleko, na Samorn hakuzaa mwingine.

Alishuka ofisini na aproni yake.

Meneja, Bi Kesinee, hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchoma Samorn zaidi. Alimkaribisha kiti, akampa pole kwa viganja vilivyounganishwa, akasema hoteli imeshaagiza shada la maua. Samorn alikuwa ameliona limeegemezwa ukutani. Jina la hoteli lilikuwa kubwa kuliko la marehemu.

Alieleza shida yake. Hoteli ilikuwa inaandikia wageni barua kila siku, kwa ubalozi, kwa uwanja wa ndege. Anuwat naye aandikiwe moja tu. Bi Kesinee akatikisa kichwa taratibu. Barua za hoteli zilikuwa za wageni. Amri ya mkoa haikumtambua mjukuu. Akashauri jeneza lisubiri, kwani hekalu linaweza kuweka maiti hata miezi mitatu, na huenda daraja likafunguliwa.

"Lini?"

Bi Kesinee alisema mkoa bado haujatangaza tarehe.

"Mzungu amekaa kwenye ndege na watu mia mbili wanaokohoa, anaingia," Samorn alisema. "Mwanangu yuko peke yake kwenye pikipiki, haingii."

"Mgeni amechanjwa mara mbili, Dada Samorn."

"Na mwanangu je, alikataa? Chanjo zililetwa huku zote. Mimi nilichanjwa mapema kuliko wazee wa Phang Nga, kwa sababu mikono hii inagusa mashuka ya wageni. Mlinichoma mimi ili wao wasiugue. Sasa mnaniambia mwanangu hana."

Bi Kesinee aliangalia mlango kama umefungwa. Akamwambia achukue siku ya kesho yote, asijali. Samorn alitoka bila shada.

Hekaluni alimkuta mtawa mkuu anafagia majani mwenyewe. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi. Samorn alimweleza alichokuwa amekifikiria njiani, haraka haraka, akiogopa kwamba akikisikia vizuri mwenyewe atakiacha. Mtawa alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea ufagio.

"Gari lina mafuta?" aliuliza.

Gari lilikuwa la binamu yake, Thawi, pikapu ya kubebea mizigo. Kesho yake mchana, Thawi alilalamika tangu wanafunga kamba. Alisema amebeba friji, amebeba nguruwe, lakini hajawahi kumtoa mama mkubwa hekaluni na jeneza lake la heshima kwenda naye matembezi saa za jua kali. Watu watasema wamerukwa na akili. Samorn akamwambia wakisema awape namba yake ya simu. Thawi akacheka bila kutaka, akawasha gari. Watawa watatu walikaa mbele na kiti cha nyuma, wamevaa barakoa. Samorn alipanda kwenye bodi, kando ya jeneza, na kijiti cha udi kinachofuka.

Maiti anayesafirishwa lazima aambiwe njia, la sivyo roho hupotea kwenye makutano. Kwa hiyo Samorn alimwambia.

"Mama, tunakata kushoto. Mama, hili ndilo soko lako. Mama, tunapita uwanja wa ndege."

Juu yao ndege ilikuwa inashuka, magurudumu yameshatoka. Samorn hakumwambia hiyo ilibeba nini.

Kwenye kizuizi cha darajani afande kijana aliinua mkono. Gari likasimama kando ya barabara.

"Mama," Samorn alisema, kwa sauti ya kusikika vizuri, "hapa wametusimamisha."

Afande alisogea, akaona jeneza, akavua miwani. Akauliza kama wanatoka. Thawi akasema hawatoki. Basi wanaingia? Thawi akasema wamo ndani tayari.

"Sasa mnataka nini, kaka?"

Samorn aliruka chini. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, nyuma ya vizuizi vya njia ya kuingilia. Mwanawe alikuwa amesimama pale peku kwenye lami, amevaa joho la manjano jipya lenye mikunjo ya pakiti. Walimnyoa asubuhi katika hekalu la upande wa bara. Kichwa hakina nywele, uso hauna nyusi. Samorn mwenyewe ilimchukua muda kumtambua.

"Yule ni mjukuu wake. Wewe ndiye uliyemgeuza jana."

Afande akakiri ndiye.

Mtawa mkuu alikuwa ameshafunga uzi mweupe kwenye mguu wa jeneza, ule uzi ambao watawa huushika kulitangulia jeneza mpaka motoni. Kibunda kilichobaki alimkabidhi Samorn, na Samorn akamnyooshea afande. Yeye haruhusiwi kupita vizuizi vile, mwanawe haruhusiwi kuja huku. Afande peke yake ndiye anayevuka barabara hii bila kuulizwa.

"Dada, hakuna kitu kinachopitishwa kwenye kizuizi bila kibali."

"Uzi hauna mapafu, afande."

Afande alitazama nyuma, kibandani, ambako mkubwa wake alikuwa anakula. Akavua glavu. Akakichukua kibunda kwa mikono miwili, akavuka akikifungua, taratibu, uzi usiguse lami. Alipompa Anuwat mwisho wake, alipiga goti.

Watawa walianza kusoma. Hapo ndipo lilipofika basi dogo la hoteli, jina limeandikwa ubavuni, limebeba wageni waliomaliza siku zao kisiwani na sasa wanaruhusiwa kwenda bara. Uzi ulikuwa umekatiza njia yao usawa wa kifua. Honi ikalia mara moja.

Afande alirudi mbio. "Dada, uinue kidogo, lipite chini."

"Halipiti."

"Wana boti ya kuwahi."

"Na mimi nina mama."

Sauti yake haikupanda. Dereva wa basi alitoa kichwa dirishani, akaufuata uzi kwa macho, upande huu mpaka kwenye jeneza, upande ule mpaka kwenye joho. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba watu hawapiti chini ya uzi wa maiti. Alizima injini, akavua kofia. Mgeni mmoja alimgusa bega na kumwuliza kitu. Dereva akamjibu neno moja bila kugeuka.

Hata wangefungua kizuizi, Samorn asingemgusa mwanawe. Mwanamke hamgusi aliyevaa joho, hata kama ndiye aliyemzaa. Kwa hiyo aliunganisha viganja, uzi ukiwa katikati, akamwinamia mtoto wake. Anuwat akasimama wima kama alivyofundishwa asubuhi ile.

Kisomo kilikwisha. Mtawa mkuu akampa Samorn ishara ya kichwa. Thawi akapanda kwenye usukani, maana tanuri lilikuwa linawangoja kule walikotoka. Afande akatazama basi, akatazama kibandani, akamtazama Samorn.

Samorn hakuukunja uzi; aliendelea kuushika. Upepo wa bahari uliuinua uzi katikati ya barabara, ukaushusha, ukauinua tena. Nyuma ya basi la hoteli likaja la pili, likasimama, nalo likazima injini.