Magunia Juu ya Kitanda cha Mama

Lori lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye mlango wa chumba cha mama, na wapakuzi wakaanza kushusha magunia sitini ya chakula cha nguruwe. Arobaini na matano yalikuwa ya pumba za mahindi, kumi ya mashudu ya alizeti, na matano ya dagaa wa mifugo, ambao harufu yao ilitangulia kuingia na kujichagulia pahala. Mavuno yalikuwa yamemalizika, pumba zilikuwa rahisi, na mwanawe alikuwa ameamua kununua za miezi minne kwa mpigo. Uamuzi wenyewe haukuwa na kasoro. Kasoro ni kwamba katika nyumba nzima ni chumba kimoja tu chenye sakafu ya saruji na paa lisilovuja, na chumba hicho kilikuwa na mtu.

Mtu huyo ndiye aliyekijenga. Mama alianza na nguruwe jike mmoja, akiwa mjane wa mwaka mmoja, na wote kumi na wawili waliokuwa wakikoroma bandani siku hiyo walikuwa vitukuu vya yule jike. Lakini mwana alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu kuhusu uhifadhi wa chakula cha mifugo, akarudi na cheti, na tangu hapo mama akawa anamwita Meneja. Mwanzoni ilikuwa utani.

Meneja alieleza vizuri. Unyevu ukiingia, pumba huota ukungu, na nguruwe akila ukungu huharibu mimba, au hufa. Kwa hiyo mama angehamia stoo ya zamani, kule nyuma, mpaka magunia yaishe. Kabla ya mvua angekuwa amerudi. Mama alikubali, kwa sababu alikuwa mzazi, na mzazi ni mjinga kwa hiari yake mwenyewe. Mbao za kuinulia magunia kutoka sakafuni hazikutosha, basi safu ya mwisho ikapangwa juu ya kitanda chake. Yeye alitandika mkeka juu ya udongo.

Siku ya tatu magunia yakaanza kuitikia salamu.

Jirani yao, fundi cherehani, alipita dirishani kama kawaida yake akasema shikamoo mama. Kutoka kitandani ikaja marahaba, kwa sauti ileile ya mama yenye mkwaruzo, ikauliza kikohozi cha mtoto kimeendeleaje. Fundi alichungulia, akaona gunia, akajibu kwamba kimepoa, akaenda zake. Mama aliyasikia yote akiwa nyuma, anaanika blanketi. Alijua ni gunia lipi. Ni lile la pumba lililolala upande wa mto wake. Hilo halikumshangaza sana. Kilichomuuma ni kwamba fundi hakuona tofauti.

Baada ya hapo watu walizoea dirisha. Njia ya kwenda nyuma ilikuwa na tope la bandani, na gunia halikulalamikia magoti. Mkwe wake, mke wa Meneja, akaanza kulipelekea chai asubuhi kwa kuwa liliiomba kwa upole, na kikombe kilirudi kitupu. Kile cha nyuma kikawa kinasahaulika, kwanza mara mojamoja, baadaye mara nyingi. Mkwe hakuwa na roho mbaya. Ila dirisha lilikuwa karibu na jiko, na mzigo wa mwenzio, wanasema, ni kanda la usufi.

Kila asubuhi Meneja aliingia chumbani, akafungua gunia mojamoja na kutumbukiza mkono hadi kiwikoni. Semina ilimfundisha kwamba pumba zinazoanza kuharibika hupata joto kabla hazijatoa harufu. Mama alimsikia akisema peke yake: huku salama, huku salama. Wiki ya sita mama naye alipata joto, siku nne mfululizo. Alikaa mlangoni mwa stoo akimsubiri, na alipopita akamwambia anasikia homa.

"Pole, mama," Meneja alisema. "Ni baridi ya huku tu. Vumilia, yamebaki arobaini."

Hakumgusa. Alikuwa na ndoo mkono mmoja, na wa pili ulikuwa mweupe kwa pumba mpaka kiwikoni. Mama aliutazama mkono ule ukienda zake, akaona wivu, wivu mchungu kabisa, wa kulionea gunia.

Bwana mifugo alikuja kukagua. Alisifu nafasi ya shubiri iliyoachwa kati ya magunia na ukuta, akasifu mitego ya panya. Gunia lilipomwambia karibu, baba, alijibu asante, akaandika kwamba stoo hiyo ni ya mfano.

Magunia yaliliwa kwa zamu, la kwanza kuingia ndilo la kwanza kutoka. Mama aliyahesabu yakipita. Yakabaki kumi, yakabaki manne, na mawingu nayo yakawa yanajikusanya. Mwisho likabaki moja, lile la upande wa mto. Adhuhuri ya siku hiyo tone la kwanza lilidondokea mkeka wa mama. Akakunja blanketi, akaoga, akavaa gauni safi, akaenda chumbani kwake.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Gunia lilikuwa limelala kitandani, limefunikwa blanketi jipya mpaka pale kamba inapofungwa. Meneja alikaa ukingoni, mkono umezama ndani, akilisimulia habari za jike aliyezaa watoto kumi na mmoja usiku wa jana. Mama hakuwahi kumwona amekaa hivyo tangu alipoanza kuota ndevu.

"Mwanangu," mama alisema, "magunia si yameisha?"

Meneja aligeuka, akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu," alinong'ona. "Mama ndiyo kwanza anapata usingizi."

Mama alisimama mlangoni. Kitandani sauti yake mwenyewe iliuliza, kwa uchovu, ni nani huyo.

"Ni wa stoo ya nyuma," Meneja alisema. "We lala, mama."

Gunia lilisikiliza mvua kwenye bati.

"Mpeni chai, maskini," likasema. "Sukari vijiko viwili."

Mkwe alimletea, akampa kupitia dirishani kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni. Mama aliinywa akiwa amesimama chini ya upenu. Ilikuwa tamu vile anavyoipenda. Alirudisha kikombe, akashukuru, akaenda nyuma kuutafutia mkeka mahali pasipovuja.