Mzee Atangulie

Kikao cha kupanga safari ya kwenda kutazama majani kilifunguliwa kwa sala, kama ilivyo desturi ya Warundi wa Durban, kisha ikasomwa ajenda, kama ilivyo desturi ya Watanzania popote walipo. Mwenyekiti alikuwa Protas, mtu wa Songea, ambaye hata mkiwa wawili kwenye foleni ya chipsi ataomba utulivu kwanza.

Wajumbe wote kazi yao ni kupeleka vyakula majumbani kwa pikipiki. Walikutana Jumapili baada ya kanisa kwenye flati ya Alain, huku Berea, na mkewe Diane akawawekea chai na mandazi. Wazo lenyewe lilikuwa la Juvénal, mzee wao. Mwaka fulani alitumwa kupeleka mzigo mbali kupita Pinetown, karibu na Howick, akakuta barabara ambayo miti yake yote imegeuka njano na nyekundu kwa pamoja, na wala haiumwi. Aliporudi akawahadithia wenzake, nao wakamhurumia. Durban miti ni kijani mwaka mzima, na kwao Burundi jani likibadilika rangi anaitwa bwana shamba.

Alichokuwa nacho moyoni hakikuwamo kwenye ajenda. Juvénal alikuwa na presha ya macho. Daktari alishamwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitazidi kupungua. Mbele aliona vizuri, ila pembeni palikuwa pamezibwa, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Majuzi tu, kule Sydenham, aling'oa kioo cha pembeni cha taxi ambayo mpaka leo anaapa haikuwapo. Habari ya macho hakumwambia mtu. Pikipiki ndiyo iliyomlisha tangu atoke Bujumbura, na mwendeshaji asiyeona ni abiria tu, na yeye abiria hajawahi kuwa. Alitaka aione ile miti mara moja tena, akiwa juu ya pikipiki yake mwenyewe, kisha yaje yatakayokuja. Akapanga akae mwisho wa msafara, afuate taa nyekundu ya aliye mbele yake. Kwa hiyo taa, bomba lilimtosha.

"Ajenda ya tatu," alisema Protas. "Mpangilio wa msafara. Nani atangulie?"

"Mimi nitakaa nyuma," Juvénal akawahi.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwa watu wale, mzee akiomba kukaa nyuma ni kama mgeni akisema ameshiba: hakuna anayemwamini, na sahani inajazwa upya.

"Mnauona unyenyekevu huo, ndugu wajumbe?" Protas alisema kwa sauti ya kutikisika. "Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Basi aliyeona mengi atangulie."

"Vieux, mzee wetu, ni wewe unajua route," Alain akaunga mkono. "Sisi tutafuata tu. Iko nini ya kuogopa?"

"Mimi naendesha polepole."

"Hekima hiyo," akasema Protas.

"Pikipiki yangu iko na bruit mbaya, inapiga kelele."

"Basi tukikupoteza tutakusikia," akasema Ninahazwe, katibu, mwanamke pekee kati ya waendeshaji wale.

"Ninahazwe ndiye aende mbele. Ananishinda kuendesha."

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na ndiyo maana halikumsaidia. Ninahazwe aliweka kalamu chini. "Mimi mbele, Papa, na wewe nyuma yangu? Mama yangu akisikia atanikana."

Wakapiga kura. Mikono yote ikanyooka, hata wa Diane, ambaye si mjumbe. Kisha Diane akauliza yeye atakaa wapi, maana pikipiki zote zina sanduku la chakula nyuma.

"La kwangu nimeshafungua, nimelitoa," Alain akamwambia. "Tutakuwa nyuma ya Vieux direct. Akikata kona, tunakata. Akipita taa za robot, tunapita."

"Kama ni nyuma ya Papa, siogopi," akasema Diane, akamwongezea Juvénal andazi.

Andazi lile alilirudisha kwenye sahani. Juvénal alikiona kile kioo cha taxi kikidondoka tena, na safari hii nyuma yake alikuwapo Diane. Aliogopa, na aliona aibu kuliko alivyoogopa.

"Mengineyo," alisema Protas. Watu wakaanza kutafuta viatu.

"Iko kitu," akasema Juvénal. "Pembeni sioni. Niko naona mbele tu. Gari ikitokea pembeni, najua ni gari ikishanigonga."

Alain alianza kucheka, akamwangalia mkewe, akaacha.

"Tangu lini?" Alain akauliza.

"Tangu Krismasi."

"Eish, Vieux."

Juvénal akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni, akauweka katikati ya vikombe. Ulimuuma kuuachia. Ili asilie mbele za watu akanyanyua kikombe chake, akanywa chai ambayo haikuwamo.

Mwenyekiti akaomba utulivu. "Kura imeshapigwa. Haiwezi kutenguliwa kwenye mengineyo. Mzee anatangulia."

"Protas, hukusikia?" Alain akauliza.

"Nimesikia. Tulisema atangulie. Nani alisema aendeshe?"

Wote wakamgeukia Ninahazwe. "Sharp," alisema. "Kesho nafungua sanduku langu."

Jumamosi iliyofuata Juvénal alikaa nyuma ya Ninahazwe bila kujua mikono aiweke wapi. Mpaka Pinetown mguu wake ulikanyaga breki hewani kwenye kila robot, na kila mara Ninahazwe alimshukuru. Walipofika kwenye ile barabara ya karibu na Howick, miti ilikuwapo, njano na nyekundu, nyuma Alain akipiga kelele kama amefunga goli.

Mara ile ya kwanza Juvénal alikuwa na barabara ya kuangalia. Miti aliitazama kwa kuibia tu. Leo barabara ilikuwa ya Ninahazwe. Akageuza kichwa kushoto, taratibu, na bomba likajaa njano. Akatazama mti baada ya mti, tawi baada ya tawi, mpaka machozi yakatia ukungu kwenye kioo cha helmeti naye akakifunua.

Akamgusa Ninahazwe begani. "Polepole, binti yangu. Upande wa kulia bado sijaanza."

Ninahazwe akapunguza mwendo. Na kwa kuwa hakuna mwenye adabu anayempita mzee, msafara mzima ukapunguza, mpaka Protas kule mwisho akalazimika kushusha miguu na kutembea na pikipiki yake.