Moduli Iliyolala

Tarehe tano meneja alimwita fundi wa kompyuta, akamwambia asikae, jambo lenyewe dogo. Mashine kumi na mbili za chumba cha wahariri zilikuwa kuukuu. Ziwekewe mfumo mpya, mwepesi.

"Orodhesha moduli zinazofanya kazi sasa hivi. Hizo uziache. Zilizolala, ondoa zote. Mashine zipungue mwili."

Fundi alikuwa na miezi minne tu tangu amalize chuo, na bado aliamini kwamba anayekuagiza jambo anakutakia mema. Alikaa kwenye kompyuta ya mjomba wake, msahihishaji wa prufu za vitabu vya shule, maana ndiyo iliyokuwa wazi. Mjomba alikuwa likizo. Akaandika amri, orodha ikashuka: moduli ya diski, ya mtandao, ya kipanya, ya printa. Kila moja ni kipande cha programu kinachokifundisha kiini cha mfumo kuongea na kifaa fulani. Zilizoitika akazitia alama. Zisizoitika, mamia kwa mamia, akazifyeka, akaunda kiini kipya, akakisambaza kwenye mashine zote. Zikawa zinawaka kabla hujamaliza kupiga mwayo. Alitembea kifua mbele siku nzima.

Jumatatu mjomba akarudi, fimbo mkono mmoja, begi mkono wa pili. Ndani ya begi, kimeviringishwa kwa taulo, kilikuwa kifaa chake cha nukta nundu: ubao mwembamba ambao vijipini vyake huinuka na kushuka, naye akasoma kwa vidole yale ambayo wenzake husoma kwa macho. Likizo alikipeleka nyumbani kisile vumbi.

Alikichomeka. Akatandaza vidole. Akangoja.

"Mpwa wangu, huyu naye bado yuko likizo?"

Mpanga kurasa wa meza ya pili akaangua kicheko. "Mwache mzee mwenzio apumzike, Vidole!"

Fundi hakucheka. Siku ile alipoorodhesha, kifaa kilikuwa nyumbani, ndani ya taulo. Moduli yake ilikuwa imelala, naye akaifyeka kwa mkono wake mwenyewe. Na aliyemwombea kazi humu ndani ni mjomba huyuhuyu.

"Mjomba, ni mimi. Nimekufungia nje."

"Ufunguo unao?"

"Ninao. Nipe saa moja."

"Saa moja kitu gani? Nilikungoja miezi tisa utoke tumboni kwa dada yangu."

Akafungua tena ile orodha ndefu, akaitafuta moduli, akaitia alama, akaiunda upya. Meneja alipita, akachungulia. "Usijichoshe," alisema, akaenda zake.

Hatimaye vijipini viliinuka kwa mlio mdogo, kama mvua inayoanza juu ya bati. Mjomba akatabasamu, akafungua barua pepe. Mpya ilikuwa moja tu, ya meneja. Vidole vilikwenda, vikasimama, vikarudi nyuma.

"Nisomee na wewe. Labda nimekosea."

Fundi akasoma, sauti ikimpungua: "Fundi amethibitisha kwamba kifaa chako hakifanyi kazi kwenye mfumo mpya. Kwa hiyo kuanzia leo hatuna tena nafasi yako." Akageuka. "Sijathibitisha chochote, mjomba! Hakuna aliyeniuliza!"

"Tarehe iliyo juu?"

"Tarehe tatu."

"Na wewe ulipewa kazi hii lini?"

"Tano."

Mjomba alicheka, kicheko kikavu. "Barua ilikutangulia kwa siku mbili. Miaka kumi na tisa nawasahihishia, leo wameniachia kosa la mwisho."

Fundi alikimbilia ofisini. Meneja hakuinua macho. "Kifaa kimepona? Hongera. Barua imeshatoka."

"Lakini sababu yenyewe haipo tena!"

"Sababu tutapata nyingine."

Aliporudi, mjomba alikuwa ameshakiviringisha kifaa.

"Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie ulinifungulia. Na usilie hapa, watafurahi."

Siku hiyo, kabla ya kutoka kazini, fundi aliiweka moduli ile kwenye mashine zote kumi na mbili, akaiagiza iamke kila zinapowashwa. Tangu hapo, kila asubuhi, mstari mmoja hupita haraka kwenye vioo vyote: inatafuta kifaa, haikioni. Wenzake wameshauzoea. Yeye husimama mlangoni mpaka upite.