Idhini ya Afra

Kaka yangu Mahmood ndiye mtetezi mkubwa wa haki za mwanamke wa Kiislamu kusini ya mto Thames. Ukitaka kubisha, muulize mwenyewe. Kila Jumapili, katika ukumbi wa jamii hapa Thamesmead, hushika kipaza sauti akatueleza jinsi dini ilivyompa mwanamke urithi, mali na kauli yake wakati Wazungu bado walikuwa wakijadiliana kama ana roho. Dini ilitupa, wala simbishii. Tabu yangu ni kwamba sisi wenye haki zenyewe huwa tumekaa stoo, pamoja na nyavu za badminton, tukimsikiliza kupitia spika inayokoroma. Akimaliza hutushukuru kwa sambusa, nasi huenda kuosha sahani.

Mimi ni dada yake wa tumbo moja, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Afra ni binti wa marehemu kaka yetu mkubwa. Kazaliwa hapa hapa London, ni mfamasia, na Kiswahili hukielewa chote lakini hukijibu nusu nusu. Mamake alikuwa akikesha kuwatunza wazee wa watu, kumbe mumewe kaoa mwingine kule Mombasa. Alipojua akadai talaka. Akanyimwa, akazungushwa kwa masheikh wa mji mzima, na alikuja kuwa huru siku kaka alipokufa. Afra alikulia katika nyumba ile ya kungoja.

Basi alipochumbiwa na Faraj, kijana wa Kimombasa akaaye Tooting, hapa hapa London, mpole na mtanashati, alifungua vitabu vya fiqhi, sheria za dini, na kuvisoma kama anavyosoma yale maandishi madogo ya ndani ya paketi za dawa. Akatoka na sharti moja. Faraj akioa mke wa pili, haki ya kujitoa katika ndoa iwe mkononi mwa Afra, na iandikwe katika mkataba wa nikaha. Faraj alikubali. Walikuwa mgahawani wawili, akasema jambo hilo halina hata mjadala, akaagiza faluda nyingine.

Ikabaki kumwambia walii, msimamizi wa kumwozesha. Na baba akiwa hayupo, walii ni ami, yaani yule yule mtetezi. Mahmood alimsikiliza mpaka mwisho huku akiitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema naam, hiyo ni haki yake kamili, wanavyuoni wameieleza. Kisha akasema haitaandikwa. Alitufafanulia kwamba haki ni kitu cha heshima, na mwanamke mwenye heshima haendi kuichomoa mbele za watu. Kina Faraj wangesemaje? Kwamba tumewashuku kabla hata hawajala pilau yetu? Nikaelewa siku hiyo kwamba haki zetu ni kama vile vikombe vya kabatini, vya kuonyesha wageni. Afra akasema ataitaja mwenyewe akiulizwa idhini, na Mahmood akacheka sana.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Kwetu, kabla ya kufungwa nikaha, walii na mashahidi wawili huja mlangoni kwa bi harusi kuomba idhini yake. Tumefunzwa kwamba mwanamwali huona haya, kwa hivyo akinyamaza, kimya chake kinatosha. Ilikuwa huruma hiyo, mwenye haya asilazimishwe kusema. Lakini sisi tumeikoleza mpaka bi harusi hufundishwa kunyamaza kama anavyofundishwa kukaa na hina isiharibike, na walii huuliza huku mguu mmoja ushaanza safari ya kurudi. Mahmood ameozesha wasichana wengi mjini hapa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu.

Siku ikafika. Stoo ilipigwa deki, nyavu zikafunikwa kwa kitambaa cha dhahabu, tukajibana humo na udi wetu. Alikuwepo Mwende, Mkamba anayefanya kazi na Afra, Mkristo, amejifunga mtandio wa kuazima na anataka kuelezwa kila kitu. Mahmood akatokea mlangoni na mashahidi wake.

"Afra mwanangu," akasema, "wanipa ruhusa nikuoze kwa Faraj?"

Akageuka. Mguu ulikuwa umeshanyanyuka.

"Nakupa, ami," Afra akasema. "Kwa sharti kwamba akioa mke mwingine, talaka yangu iwe mkononi mwangu. Please, iandikwe."

Aliitamka wazi, kwa sauti ile ile ya kumwita mgonjwa dirishani aje achukue dawa zake. Shahidi mmoja akapata shughuli ya ghafla na kifungo cha kanzu. Wa pili akawa anachunguza dari. Mahmood akasema alhamdulillahi, akaondoka nao. Mwende aliniuliza kama hiyo maana yake amekubali, nami nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Tulijua baada ya muda mfupi. Spika ikakoroma, tukamsikia Sheikh Badi, kijana aliyeletwa kufungisha, akiuliza kama idhini imepatikana. Halafu ikaja sauti ya kaka yangu, ile nzuri ya Jumapili.

"Bi harusi amenyamaza."

Stoo nzima tukatazamana. Mwende akasema kwa mshangao, "Lakini ameongea. Si sote tumemsikia?" Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, kwa sababu yule mwongo tumelala kitanda kimoja utotoni, na kwa sababu wenzangu walikuwa wameshaanza kunipa ishara nimtulize msichana. Afra alikuwa amesimama. Nikaliinua gauni lake kwa nyuma asije akalikanyaga, tukatoka.

Tulipoingia kwa wanaume, wote waliinamisha macho kwa pamoja. Sijapata kuona uchamungu wa haraka namna ile. Afra hakuwajali. Alisimama mbali kidogo na meza na kumwambia Sheikh Badi kwamba hakunyamaza, ametaja sharti, na mashahidi wawili walikuwepo. Sheikh akawauliza. Yule wa kifungo alisema spika zilikuwa na kelele. Alisahau kwamba alimsikia mlangoni, si kwenye spika. Yule wa dari alikiri kwamba amesikia.

Mahmood akaanza kueleza habari ya heshima za familia. Sheikh Badi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alimwacha amalize, kisha akasema sharti ni sahihi, na si la walii kulificha. Ni la bwana harusi kulikubali au kulikataa. Akamgeukia Faraj na kumuuliza kama analikubali.

Faraj alimtazama babake. Akawatazama ami zake. Akatazama mikono yake, nzuri, iliyokatwa kucha kwa ajili ya siku hiyo.

"Kijana keshakubali," Mahmood akamsaidia. "Anaona haya tu."

"Kimya ni idhini ya mwanamwali, Bwana Mahmood," akasema Sheikh. "Huyu ni mwanamume. Tunamngoja atamke."

Tukamngoja. Nilimwombea, wallahi, maana nilijua Afra anampenda, na nilijua jawabu analo kwa sababu lilishatoka kinywani mwake kwenye meza ya faluda. Neno moja tu, na watu wote wale wakale pilau. Mwishowe akasema, bila kuinua uso, kwamba mambo hayo yangezungumzwa baadaye, nyumbani.

Afra akatikisa kichwa polepole. Alimwambia Sheikh kwamba basi idhini yake haipo, akageuka. Mimi nikalia waziwazi. Nilikuwa nikimkumbuka mamake, na jinsi alivyoambiwa mara zote kwamba mambo yake yatazungumzwa nyumbani.

Faraj alitukuta kwenye maegesho. Alikuja mbio, joho linampepea, macho mekundu. Sitamsingizia, kijana alikuwa na uchungu.

"Afra, si nilikwambia nakubali? Ulijua."

"Nilijua," Afra akasema. "Ulinikubalia tukiwa wawili, Faraj. Ndoa inataka mashahidi."

Faraj akageuka kutazama mlango wa ukumbi. Wote walikuwa wamejaa pale, babake, ami zake, Sheikh, Mahmood, mashahidi wa kutosha kuozesha Thamesmead nzima. Alikuwa na nafasi ya kuwaita. Alisimama akiwatazama, nao wakimtazama, mpaka Afra akafungua mlango wa gari mwenyewe na kuniomba nimsaidie kuingiza gauni.