Kufunga kwa Kuambiwa

Kwa miaka kadhaa nilifunga Ramadhani kwa kuambiwa. Wenzangu wanatoka nje kutazama mwezi, wananyoosha vidole, "ule pale," na mimi naitikia alhamdulillahi huku sioni kitu isipokuwa ukungu. Mtoto wa jicho alikuwa amenikalia macho yote mawili, nami ni fundi cherehani wa sokoni Nachingwea. Wateja walianza kunikimbia pindo zilipoanza kwenda upogo. Mwaka huu nikafanyiwa upasuaji. Bandeji zilipotolewa nikasema mwezi wa Ramadhani nitauona mwenyewe, na nitauona nikiwa juu ya kilima cha Nandagala, si uani kwangu.

Nandagala ndiko aliko mdogo wangu Asmaa. Siku hizi wageni wanakuja kutoka mbali na mahema yao, kwa sababu ya kile kilima na kwa sababu usiku wa kule ni mweusi kweli, nyota zimejaa kama ufuta uliomwagwa mkekani. Zamani sisi tulikipanda kutafuta kuni, na hakuna aliyetupiga picha.

Asmaa alitaka nibaki chini nimsaidie kupika. Mumewe Abdala, ambaye tangu amwoe mdogo wangu hajawahi kuniacha nipite bila kunitania, alinitazama na fimbo yangu ya kutembelea akatikisa kichwa.

"Shemeji, kwa umri wako, wewe na mwezi mlishamalizana."

Wanawake waliokuwa jikoni na Asmaa walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mimi nilicheka, maana hilo alilipata, lakini fimbo sikuiweka chini.

Kilima kile si mchezo. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, mawe yanateleza, nyasi zinafika kiunoni. Abdala alikuwa mbele, na kila nikisimama kupumua anauliza kama wanitafutie bodaboda. Pumzi niliyokuwa nayo haikutosha kupanda na kutukana kwa pamoja.

Juu tulimkuta Mwalimu Shakila, anayefundisha sekondari huko Ruangwa na kuwaleta wageni kutazama nyota, ameshasimamisha darubini yake. Jua lilikuwa limezama. Mawingu yalitanda magharibi, yakiacha nafasi hapa na pale. Katika nafasi moja nikaona kitu cheupe kinang'aa, moyo ukanilipuka.

"Ule pale," nikasema, kila mtu akanisikia.

Mwalimu Shakila akanieleza kwa upole kwamba ile ni nyota ya Zuhura. Abdala alikaa chini kabisa kwa kucheka. Akatangaza kwamba shemeji yake ameandamisha nyota. Safari hii sikucheka. Niliona aibu, kisha nikaogopa: huenda daktari ameniondolea ukungu tu, na macho yenyewe yamekwisha. Halafu hasira zikanipanda. Nikawapa wote kisogo, nikayakaza macho magharibi, chini ya ile Zuhura, nikatafuta polepole kama ninavyotafuta tundu la sindano.

Wingu likasogea, ukatokea. Mwembamba, umelala chali kama ukucha uliokatwa, juu kidogo ya mti mmoja mkavu. Sikupiga kelele. Nilimshika Mwalimu Shakila mkono, nikamwonyesha ule mti, nikamwambia apandishe macho kidogo tu. Akageuza darubini, akainama, kisha akainuka na takbira. Kilima kizima kikaitikia. Watu wakauona mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa nalia waziwazi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu nizibwe macho, na sikujifuta machozi kwa kuogopa kuukosa hata kidogo.

Abdala peke yake alikuwa bado anakodoa. Juu ya mti, chini ya mti, kushoto, kulia. Akaomba darubini, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Alikuwa bado anahangaika wingu liliporudi kuufunika. Akanijia taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Shemeji, ni kweli umeuona?"

"Nimeuona, Abdala. Wewe kesho funga kwa kuambiwa. Mimi nina uzoefu, nitakufundisha."

Giza lilikuwa linaingia na mawe bado yanateleza. Nikampa ncha moja ya fimbo yangu, nikashika nyingine, nikatangulia mimi.