Ametoka, Saa Nne na Dakika Kumi

Kosa ni langu, nakubali. Kwenye daftari la getini niliandika, "Fundi Saa, ametoka, saa nne na dakika kumi," wakati kilichotoka kilikuwa kivuli chake peke yake. Nilipaswa kuandika kivuli. Lakini kilivaa kofia, kikapita na mwendo wake uleule wa kuburuza mguu wa kushoto, na mimi nilikuwa nakunywa chai.

Fundi Saa mwenyewe alikuwa kakaa barazani, juani, na chini yake hapakuwa na kivuli hata cha kumtosha sisimizi. Mwanawe na mkwewe walimleta kwenye hii nyumba ya wazee kwa wiki moja tu, wapake rangi nyumba yake. Siku hiyo ulikuwa mwezi wa nane tangu wamlete. Sheria yetu ni fupi: mzee hatoki mpaka aje kuchukuliwa na aliyemleta. Kuhusu vivuli haisemi kitu.

Mchana mpishi alisoma daftari langu kama kila siku, akapunguza sahani moja.

"Na mimi?" Fundi akauliza.

"Wewe umetoka, babu."

Meneja akaja, funguo zinalia kiunoni. Akachungulia chini ya kiti, akapapasa sakafu kwa kidole, akakinusa.

"Nani kakusaidia?"

"Kimejiondokea chenyewe. Mimi nilisinzia."

"Fundi, mimi si mtoto. Kwa mguu ule kingefika wapi bila mwenzake?"

Tangu siku hiyo vivuli vyote vikawa vinahesabiwa saa tatu asubuhi, vikiwa bado virefu. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alipewa onyo kwa sababu chake kiliegemea upande wa geti.

Lakini jioni ile ya kwanza kivuli kilirudi, nikakifungulia bila kuandika kitu. Kikasimama ukutani chini ya taa ya barazani. Fundi akasogeza kiti.

"Rangi imefikia wapi?"

Kivuli kikatikisa kichwa. Kisha kikamchorea kwa mikono, kama watoto wanavyochora sungura ukutani: meza yake ya kutengenezea saa, watu wanakula chakula juu yake. Kitanda chake, hakuna. Sebuleni, picha yake, imezungushiwa maua kama ya marehemu.

Fundi aliitazama ile picha sana.

"Maua mabichi au ya plastiki?"

Ya plastiki.

"Nilijua. Yule kijana hajawahi kupenda kumwagilia."

Nikampigia mwanawe simu.

"Mzee anauliza rangi, kaka."

"Mwambie haijakauka."

"Miezi minane?"

"Ni rangi nzito. Hivi nani mwingine anasikiliza hapo?"

Kesho yake kivuli kilitoka tena na hakikurudi. Nasikia kimekaa kwenye ile meza, mahali pake pa zamani. Wajukuu wanakizunguka wakipita. Mkwewe amekifunika kitambaa cha meza, kikatoka juu ya kitambaa, wakaendelea kula.

Kufuta daftari hakuruhusiwi. Nilimwomba meneja niandike kwamba Fundi amerudi. Akanikazia macho, akauliza tangu lini mimi na Fundi ni marafiki, na mtu atarudije bila kupita getini. Kutoka nako hawezi, maana ametoka. Mpishi humwekea chakula kwenye bakuli la paka, kwa kuwa paka haandikwi popote.

Mwanawe hajaja. Kila asubuhi, saa nne na dakika kumi, Fundi anafika getini na kofia yake kichwani. Anaweka kidole kwenye mstari wangu, anausoma polepole mpaka mwisho.

"Mwanangu, huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu, mzee."

"Umeandika nimetoka."

"Ndiyo."

Mimi naangalia chai yangu. Nyuma yetu meneja anarudia kuhesabu, maana jana kilizidi kivuli kimoja.

"Basi nifungulie."