Ngoma Tatu za Kumlaza Mtoto

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na kwa kuwa mwenyewe hakatai, sisi hatuna haja ya kumsitiri. Mtu hawezi kukusanya ngoma tatu, kinanda na spika mbili zenye kimo cha mlango kwa ajili ya wimbo wa kulaza mtoto, kisha aseme shetani ndiye aliyempitia. Shetani naye ana kazi zake.

Watoto wa shule walimwita Mwalimu Tena, maana neno hilo lilikuwa halimkauki mdomoni. Mkiimba vibaya, "Tena." Mkiimba vizuri, "Tena, nijue kama si bahati." Alifundisha muziki katika shule ambayo muziki ulikuwa kama mgeni aliyekaa sana: hakuna anayemfukuza, ila hakuna anayemwongezea chai. Alipewa kipindi kimoja kwa wiki, Ijumaa mchana, jua likiwa limeshaingia kwa madirisha ya nyuma na watoto wameshaanza kuyeyuka kwenye madawati.

Katika kipindi hicho alikuwa amebuni jambo lake. Kila mtoto alitakiwa alete wimbo mmoja wa lugha ya nyumbani, ile iliyozungumzwa na mababu wa pale, ambayo watoto wengi sasa waliisikia tu bila kuisema, kama mtu anayejua harufu ya mchuzi asioweza kuupika. Shuleni kulikuwa na lugha ya vitabu, barabarani lugha ya watu wote, na ile ya nyumbani ilikuwa imebakiwa na vikazi vidogo vidogo: kufukuza kuku jikoni na kusengenya mbele ya wageni.

"Lugha haifi kwa kupigwa," aliwaambia. "Inakufa kwa kukosa ajira. Sisi tutaitafutia kazi."

Watoto wakatikisa vichwa, kama walivyotikisia kila kitu siku ya Ijumaa, lakini nyimbo wakaleta. Mmoja alileta wa kutwanga. Mwingine alileta wa kuita ng'ombe, ingawa kwao hawajawahi kufuga hata paka. Wa tatu alileta tangazo la sabuni, akaapa kwamba ni la babu yake. Na Filimbi, binti mwembamba aliyepewa jina hilo kwa ajili ya sauti yake, akaleta wimbo wa kulaza mtoto. Alifundishwa na bibi yake, aliyekuwa akimlea yeye na mdogo wake wa kiume wakati mama yao yuko kazini. Mdogo huyo alikuwa na kifua cha baragumu. Majirani walizijua saa zake za kulala, kwa kuwa ndizo saa ambazo nao waliweza kulala.

Maneno ya wimbo hayakujaza kiganja: nyamaza, aliyekwenda atarudi, nyamaza, njia anaijua. Basi. Sauti yake ilishuka taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi na hataki kuamsha nyumba. Nao ulikuwa na tabia moja ya ajabu: haukuwa na mwisho. Aliyeuimba aliurudia na kuurudia, huku akimpigapiga mtoto mgongoni, akapunguza mwendo kadiri mtoto alivyozidi kuwa mzito mikononi, na akanyamaza pale mtoto alipolala. Mwenye kuumaliza wimbo alikuwa mtoto.

Watoto waliupenda mno, kwani ulikuwa na faida nyumbani. Wakawa wanaleta taarifa kila Ijumaa.

"Mwalimu, wetu alilala kabla sijafika kwenye njia."

"Wetu alinitapikia."

"Huyo naye ametoa maoni yake," akasema Mwalimu Tena. "Rudia leo. Tena."

Mambo yangeendelea hivyo kwa heri, kama si Makamu wa mwalimu mkuu kuitamani Ijumaa. Makamu alifundisha hesabu, na watoto walimwita Baki Moja, kwa sababu hata umpe nini, hakosi kuona kilichobaki. Siku moja, katika chumba cha walimu, kati ya birika la chai na rundo la madaftari, alimgeukia Mwalimu Mkuu akasema maneno yake bila kuyafunga kwenye karatasi ya zawadi.

"Watoto wanafeli kugawanya, mama. Na Ijumaa nzima wanaimba kwa lugha isiyo na mtihani. Naomba kile kipindi."

"Kulala nako hakuna mtihani," akasema Mwalimu Tena, "na mbona wewe kila mkutano unajisomea."

"Huwa nafumba macho nikipiga hesabu."

"Basi hesabu zako zina mkoromo."

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno, na alipenda ugomvi uishe kabla chai haijapoa. Aliweka kikombe chini.

"Siku ya wazazi iko karibu," alisema. "Kwaya itaimba wimbo mmoja wa nyumbani, mmoja tu. Wazazi wakiupigia makofi, kipindi kinabaki cha nyimbo. Wakikaa kimya, ni cha hesabu. Watoto ni wao, acha waseme wao."

"Nimekubali," akasema Baki Moja, haraka kama mtu anayedaka chenji.

Mwalimu Tena naye akakubali, tena kwa kifua mbele. Woga ulimpata nyumbani. Alikumbuka kwaya yake ya kwanza, ujanani, iliyoimba kwa upole mkubwa mbele ya waamuzi, ikamaliza, na mmoja wa waamuzi akauliza wataanza saa ngapi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akajiambia kwamba makofi hayaji kwa kunong'ona. Makofi ni kelele, na kelele huitwa na kelele mwenzake. Na bila makofi, hakuna Ijumaa. Nyimbo zitarudi kwa mabibi, na mabibi nao hawakai milele.

Hapo ndipo akili ilipomhama. Ngoma aliziazima kwa washangiliaji wa timu ya mpira. Spika na kinanda alipewa na rafiki yake anayevikodisha kwenye maharusi. Wimbo akauongeza mwendo, akautia mwitikio wa kupayuka, na kwa vile haukuwa na mwisho, akautengenezea: kwaya nzima iruke juu, ishuke kwa kishindo, na kupiga ukelele kama watu waliofunga bao.

"Mwalimu," Filimbi aliuliza wakiwa mazoezini, "mtoto atalala kweli hapa?"

"Bwaloni hakuna anayelala, mwanangu. Bwaloni watu wanapiga makofi."

"Lakini ni wimbo wa kulala."

"Tena," akasema Mwalimu Tena.

Jioni hiyo bibi yake Filimbi alipita kumchukua mjukuu, yule mdogo akiwa mgongoni. Alisimama mlangoni, akasikiliza ngoma zikiunguruma hadi mabati yakaitikia.

"Kuna harusi, mwalimu?"

"Hakuna, bibi. Huo ni wimbo wako."

Bibi akainamisha kichwa, akasikiliza upya. "Wangu? Mbona umevaa buti?"

"Nimeuchangamsha kidogo tu."

"Mtoto anayelia huwa ameshachangamka, baba. Shida yake si hiyo."

"Bibi, wewe nawe. Nautafutia makofi ili usife."

"Haya. Mimi nimeleta wimbo, makofi sikuyafunga humo." Akamshika Filimbi mkono wakaenda zao, na Mwalimu Tena akarudi kukaza ngozi za ngoma.

Siku ya wazazi bwalo lilijaa mpaka watu wakakalia kingo za madirisha. Akina mama walikuja na watoto wachanga, kwani wangewaacha na nani. Hewa ilikuwa nzito, na mwenyekiti wa wazazi alitoa hotuba ndefu kuhusu choo kipya, akaanza kuanzia tofali la kwanza. Hotuba hiyo ilifanya wema mmoja: ilipoisha, kila mtoto mchanga bwaloni alikuwa amelala, kinywa wazi, na mama zao kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa wamekaa kama watu. Wakafuata wanafunzi wa hesabu, wakagawanya namba ubaoni. Wazazi wakawapigia makofi ya adabu, yale ya ncha za vidole, wakichungulia watoto wasiamke. Baki Moja akatabasamu akainama kidogo, utadhani amezigawanya yeye.

Kisha ikaitwa kwaya. Mwalimu Tena alipanda, akaliona lile bwalo tulivu, na badala ya kushukuru akaogopa. "Wamepoa," akawaza. "Niwaamshe."

Akawaamsha.

Ngoma ya kwanza ilipolia, spika zikaipokea na kuizidisha, na bwalo zima likaruka. Ngoma ya pili haikusikika vizuri kwa sababu kitoto cha mstari wa mbele kilikuwa kimeshaanza. Kilio cha mtoto ni kama moto wa nyasi kavu: kilishika jirani, kikaruka benchi, kikafika mwisho wa ukumbi. Kwaya iliimba, ngoma ziliunguruma, watoto walilia, na mama wa mapacha, akiwa ameelemewa kwenye mikono yote miwili, akamkabidhi pacha mmoja mtu aliyekuwa karibu naye bila kumtazama usoni. Mtu huyo alikuwa Mwalimu Mkuu. Baki Moja, kando yake, alikunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri basi analojua liko njiani.

Mwalimu Tena alipunga mikono kwa nguvu zaidi. Wapiga ngoma walimtazama, wakatazamana, na fimbo zao zikaanza kulegea zenyewe. Na yeye hapo, mikono ikiwa hewani, ndipo alipolikumbuka swali la Filimbi, kama mtoto atalala kweli hapa. Hakuwa na jambo la kuficha: alikuwa amewatesa watu, na Ijumaa ilikuwa imekwenda.

Filimbi ndiye aliyetoka kwenye mstari. Hakuomba ruhusa. Alishuka jukwaani, akapita kati ya mabenchi hadi kwa bibi yake, ambaye alikuwa akihangaika na yule wa kifua cha baragumu, akampokea mdogo wake, akamlaza begani. Akaanza kumpigapiga mgongoni na kuimba, ule wa nyumbani, usio na buti. Mwenzake aliyekuwa jirani yake kwenye mstari alimwona mdogo wake mchanga kwa mama yao, naye akashuka. Akashuka wa tatu. Wale wasio na wadogo bwaloni walikwenda kwa watoto wa wenyewe, wakaomba kwa macho, wakapewa. Mama mwenye mtoto anayelia hana ubaguzi.

Mwalimu Tena alizima spika. Hilo angalau alilifanya mwenyewe.

Wimbo sasa ulitoka kila pembe. Haukuwa pamoja: huyu yuko kwenye kunyamaza, yule yuko kwenye njia, kila mmoja akifuata mgongo wa mtoto wake. Kwa sikio la mwalimu wa kwaya ulikuwa fujo, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba alisahau kusema tena. Akina mama wakaanza kuitikia kwa chini. Baadhi yao hawakuwa wameyatamka maneno yale tangu walipokuwa wakiimbiwa wao, na walitamka kwa kusitasita, kama wanaojaribu gauni la zamani. Baba mmoja mwenye mwili wa kubeba magunia aliitikia huku akitazama dari ili asionekane. Hata Mwalimu Mkuu midomo yake ilikuwa ikichezacheza, mkono wake ukienda na kurudi kwenye mgongo wa pacha asiye wake.

Kilio kikapungua huku, kikazimika kule. Sauti nazo zikawa zinapungua, moja baada ya nyingine, kila mtoto akiumalizia mwimbaji wake wimbo. Wa kifua cha baragumu alikuwa wa mwisho, alivyo mbishi, na Filimbi aliteremka naye ngazi ile ya wimbo polepole mpaka kichwa chake kikamwangukia begani. Akanyamaza.

Hakuna aliyepiga kofi. Hakuna aliyekohoa. Wazazi walikaa na watoto wao vifuani, wakipumua kwa tahadhari.

Baki Moja alisubiri kwa heshima ya kutosha, kisha akajongea jukwaani kwa vidole vya miguu.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia nini?"

"Hilo ndilo swali langu. Makofi sifuri, mwalimu. Sifuri haina hata baki."

"Wamelala, ndugu yangu. Tazama. Bwalo zima."

"Nimeona, na nimefurahi nao. Lakini tulikubaliana makofi. Usingizi haukutajwa na mtu."

Mwalimu Tena alijua kwamba mwenzake amesema kweli. Makofi ndiyo waliyoyakubali, kwa kifua mbele, na makofi hayakuwepo. Alizitazama ngoma zake tatu zimelala ubavu, naye akatamani kulala ubavu.

"Mwalimu Mkuu," Baki Moja akageuka, sauti ikampanda kidogo kwa furaha, "wewe ndiwe uliyesema wazazi waseme kwa makofi. Sasa tuambie, nani amepiga?"

Mama wa mapacha akamkata jicho. Mwalimu Mkuu hakuinuka. Pacha alikuwa amelala juu ya bega lake, udenda ukimlowesha blauzi, na yeye alimjibu bila kugeuza shingo, kwa sauti ambayo isingemwamsha hata inzi.

"Piga wewe, Makamu, uwafungulie njia. Ila huyu akiamka ni wako, umlaze kwa hesabu."